Punda Hakabidhiwi kwa Siku Moja



Katika matoleo yaliyopita ya jarida hili tumezoea kuwaletea habari za mradi wa punda kwa picha ya siku ya makabidhiano: mkuu wa jimbo ameshika kamba, akina mama wanapiga vigelegele, na punda mwenyewe amegeuzia kamera makalio. Ni picha nzuri na hatuikatai. Lakini wengi wenu mmetuuliza, tena kwa haki, kinatokea nini vumbi la siku ile likishatulia. Safari hii tumeona tueleze kazi ya kila siku ya kumtunza na kumfundisha punda, kama inavyofanywa na binti mmoja wa miaka kumi na tisa katika mojawapo ya sharika zetu za ukanda mkavu. Tumemchagua yeye kwa sababu kazi yake ndiyo iliyotuonyesha mahali ambapo sisi wenyewe wa ofisini tulikosea.

TULIPOKOSEA

Awamu ya kwanza ya mradi ilianza kwa nia njema. Akina mama na mabinti walikuwa wakitembea mwendo mrefu kufuata maji na kurudi na dumu moja kichwani. Tukasema punda atawapunguzia mzigo huo, na siku ambazo hachoti maji atabeba mizigo ya watu kwa malipo, ili kikundi kirejeshe mkopo na kikundi kingine kipate. Tukanunua punda mnadani, tukawakabidhi kwa sala na nyimbo, na mkataba ukasema marejesho yanaanza mwezi wa pili.

Kosa lilikuwa hapo. Punda wa bei nafuu mnadani walikuwa wale wadogo, wa mwaka mmoja na nusu au miwili, nasi tulifurahi kupata wengi kwa fedha ile ile. Punda wa umri huo mifupa yake bado haijakomaa. Mzigo mwepesi anaweza kuanza kuuzoea akiwa na miaka mitatu, na kazi kamili apewe akishatimiza minne au zaidi. Kijana aliyekabidhiwa alijua hilo, au baba yake alijua, lakini tarehe ya marejesho ilikuwa imeandikwa kwenye fomu yetu na kugongwa mhuri wetu. Akampakia.

Tulipopita kufanya tathmini baada ya miezi michache tulikuta vidonda vya mgongo vya upana wa kiganja na magoti yaliyovimba. Punda wawili walikuwa wamekufa, na mmoja alikuwa ameuzwa usiku kwa wanunuzi wa ngozi. Katika taarifa tuliyowapelekea wafadhili tuliandika kwamba kulikuwa na changamoto za utunzaji kwa upande wa walengwa. Haikuwa kweli kamili. Ratiba ya marejesho ndiyo iliyompakia yule punda, na ratiba tuliiandika sisi. Wahenga walisema punda afe mzigo ufike. Sisi tuliuweka msemo huo kwenye jedwali bila kujua.

Kuhusu wanunuzi wa ngozi tueleze kidogo, maana wasomaji walio mbali wanaweza kushangaa. Ngozi ya punda huchemshwa nchini China kutoa gundi inayotumika katika dawa ya asili iitwayo ejiao, na mahitaji yalipozidi punda waliopo huko, wanunuzi waligeukia Afrika. Punda naye hazaliani kama mbuzi. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, mara nyingine zaidi ya mwaka, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Kijiji kikipoteza punda kumi leo, hakiwezi kuwarudisha msimu ujao. Serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022. Desemba mwaka huo huo wajumbe kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Dar es Salaam kujadili hali ya punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, waliridhia katazo la kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Tunashukuru. Hata hivyo katazo la Addis Ababa halifungi mlango wa zizi usiku. Punda mwenye vidonda, asiyeweza tena kufanya kazi, ndiye anayeuzwa kwanza, kwa kuwa mwenye nyumba haoni sababu ya kumlisha. Ndiyo maana tunasema utunzaji wa kila siku ni ulinzi pia.

KABLA YA JUA KUCHOMOZA

Binti tunayemzungumzia ana punda wawili, wote majike. Mmoja ni mtu mzima wa miaka minane hivi, aliyezoea kazi. Wa pili alifika kwake akiwa na miaka miwili na nusu, hajawahi kushikwa na mtu isipokuwa siku ya kukamatwa apelekwe mnadani. Tuliwatoa wawili kwa makusudi. Punda hufungamana na mwenzake kwa namna ambayo watu wengi hawaijui. Akitengwa ghafla anaweza kusimama bila kula, na punda asiyekula siku chache tu huweza kuugua vibaya, hata kufa.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri binti huyu anaingia zizini, na jambo la kwanza analofanya ni kutofanya kitu. Anasimama na kuwatazama. Mgeni angedhani bado ana usingizi. Ukweli ni kwamba punda huficha maumivu. Farasi akiumwa tumbo atajigaragaza, atatoa jasho, atatazama ubavu wake, na kila mtu ataona. Punda mwenye ugonjwa ule ule husimama tu ameinamisha kichwa, na mwenye haraka atasema ametulia leo. Kwa hiyo binti anatazama masikio kama yanageuka kufuata sauti yake. Anatazama kama uzito umelala kwenye miguu yote minne, kama majani ya jana usiku yameliwa, na kama mavi ni mabonge ya kawaida au yamekauka na kupungua. Siku moja yule mkubwa hakumfuata mlangoni kama ilivyo desturi yake. Binti hakumpakia. Aliita mtaalamu wa mifugo, na ikaonekana tumbo limeanza kuziba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini ile ya zamani bado imejaa majalalani, na punda mwenye njaa huila pamoja na maganda. Kama angepakiwa asubuhi ile tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Akishatazama, anapitisha mkono. Shingoni, mgongoni, chini ya tumbo, mbavuni, ndani ya miguu. Anatafuta joto, uvimbe, kupe, na zaidi ya yote tope lililokauka mahali mkanda unapopita, kwa maana chembe ya tope chini ya mkanda jioni inakuwa kidonda. Anapangusa kwa kipande cha gunia na brashi ya katani. Mbavu anazitaka zisikike kwa vidole bila kuonekana kwa macho. Zikianza kuonekana, siku hiyo anaongeza pumba na kupunguza safari. Kidonda kidogo huoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yaliyotiwa chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Hapa tunawasihi sana wapendwa: oili chafu ya gari na maji ya betri si dawa ya kidonda, ingawa tumeyakuta kwenye nyumba za watu wema kabisa.

Halafu kwato. Kila asubuhi anainua mguu mmoja baada ya mwingine na kuondoa mawe, miiba na samadi kwa kijiti butu, akianzia kisigino kuelekea mbele. Jeraha la msumari kwenye kwato linatisha kuliko linavyoonekana. Wazee wetu waliouita ugonjwa ule pepopunda hawakulichukua jina hewani. Punda, kama farasi, ni mwepesi sana kupata ugonjwa huo, na vimelea vyake hukaa udongoni na kwenye samadi. Binti mwenyewe tulimpeleka zahanati akapata chanjo yake, jambo ambalo katika awamu ya kwanza hatukulifikiria hata kidogo. Kila baada ya miezi miwili hivi kwato hupunguzwa na mtu aliyefundishwa, kwa kuwa kwato za punda husimama wima zaidi kuliko za farasi, na anayezikata kwa kufuata picha ya farasi humlemaza.

Maji ndiyo yaliyoleta ubishi nyumbani. Punda mmoja huhitaji kati ya lita 10 na 25 kwa siku, kutegemea joto na kazi, na maji machafu huyakataa hata akiwa na kiu. Kituo cha maji cha kijiji ni cha kulipia na mifugo hairuhusiwi kusogelea bomba, kwa hiyo maji ya punda hununuliwa kama ya watu. Bibi yake binti, ambaye ndiye mwenye nyumba, alimuuliza mbele yetu kama ni akili kumnunulia mnyama maji wakati watu wanayapima kwa kopo. Binti akapiga goti kidogo kama ilivyo heshima ya kwao, akasema, "Bibi, asipokunywa yeye leo, kesho sisi tutakunywa nini?" Bibi hakujibu. Ila tangu siku ile ndiye anayeosha ndoo ya punda.

MIEZI KUMI NA MMOJA YA MAFUNZO

Sasa tuje kwa yule mdogo. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2022 wameonyesha kwamba punda alifugwa kwanza Afrika, upande wetu huu wa mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita, mapema kuliko farasi kwa miaka mingi. Mababu zake walikuwa wanyama wa nyika kavu yenye mawe, na silika yake imetokana na huko. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama, atazame, afikiri. Sisi tumekuita kusimama huko ukaidi na tumekuwa na fimbo tayari. Binti huyu alifundishwa, na sisi tukafundishwa pamoja naye, kwamba punda aliyesimama anauliza swali. Ukimchapa unampa jibu kwamba alikuwa sahihi kuogopa.

Wiki tatu za kwanza hakukuwa na kamba kabisa. Binti alikaa zizini wakati punda anakula, kila siku karibu zaidi, mpaka mkono ukafika shingoni. Kutoka shingoni mkono ulishuka begani, mgongoni, kisha miguuni, na kila mara uliondoka kabla punda hajaondoka. Waliompitia njiani walicheka. Kijana mmoja wa kwaya alimwambia amemgeuza punda kuwa mchumba.

Kamba ilipoingia, ilifungwa kichwani, si shingoni. Punda aliyefungwa shingoni hujinyonga anapovuta, naye hujifunza kuvuta zaidi. Siri ya kumwongoza ni ndogo na ngumu: unavuta kidogo, unangoja, na sekunde ile ile anaponyanyua mguu kuja kwako unalegeza. Kulegea kwa kamba ndiyo shukrani anayoielewa. Mtu akiendelea kuvuta wakati punda ameshaanza kutembea, punda anaona hakuna faida ya kutembea. Tulimwona binti akirudia hatua tatu tu asubuhi nzima, kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha anaacha. Punda huyo huyo kesho yake alikumbuka. Kumbukumbu ya punda ni ya muda mrefu, nzuri na mbaya zote.

Mateke yapo, hatuwafichi. Msemo wa fadhila ya punda unajulikana na kila mtoto wa Kiswahili. Lakini katika mwezi wote wa pili tulihesabu mateke manne, na yote yalipigwa mtu alipotokea nyuma bila kusema neno. Binti akaweka sheria zizini kwake kwamba kila anayeingia, hata mwenyekiti wa kamati, aanze kwa kuongea. Mwenyekiti aliitii baada ya kuona sababu kwa paja lake mwenyewe.

Kisha vitu vitupu. Gunia tupu mgongoni, likaanguka, likaokotwa, likawekwa tena. Dumu tupu. Wapendwa, dumu tupu ni kelele kubwa kwa mnyama ambaye masikio yake ni urefu wa mkono wa mtoto. Linagonga, linavuma, na upepo ukipita mdomoni mwake linapiga mluzi. Alilitundika kwanza kwenye uzio wa zizi siku kadhaa ili wote wawili walizoee likiwa mbali. Lilipopanda mgongoni, punda mkubwa alikuwa amesimama mbele akiwa na yake mawili, anatafuna, hana habari. Mdogo alimtazama mwenzake, akatetemeka ngozi, akabaki.

Kila Jumapili ya Mitende tunasoma habari za mwana-punda ambaye hajapandwa na mtu. Kwa miaka mingi tulipita juu ya neno moja katika Injili ya Mathayo, kwamba mama yake aliletwa pamoja naye. Mtu aliyewahi kufundisha punda hawezi kulipita. Umati unapiga kelele, nguo zinatandazwa barabarani, matawi yanatikiswa, na mnyama ambaye hajawahi kubeba mtu anatembea. Hatusemi hakukuwa na zaidi ya hilo; tunasema tu kwamba aliyemleta na mama yake alizijua tabia za punda.

Baada ya vitupu vikaja vya uzito kidogo, na hapa binti alijifunza jambo kwa kuumia. Alianza na dumu nusu nusu, akidhani ndiyo hatua ya katikati. Maji ya nusu dumu huchezacheza, yanaenda upande mmoja na kurudi, punda anayumba, anaogopa mgongo wake mwenyewe. Siku hiyo yote yalimwagika na kidole cha mguu kikakanyagwa. Mtaalamu wa mifugo akamshauri atumie mchanga kwenye vifuko, uzito ule ule bila kucheza, na maji yaje baadaye yakiwa yamejaa mpaka mdomoni na kufungwa vizuri.

Kutoka mguso wa kwanza mpaka safari ya kwanza ya kazi, yenye mzigo mwepesi tu, ilichukua miezi kumi na mmoja, na wakati huo punda alikuwa amevuka miaka mitatu na nusu hivi. Katika muda wote huo punda mdogo hakuingiza hata shilingi moja.

HESABU YA MADUMU

Punda wetu wa huku ana uzito wa kilo 120 hadi 150 hivi. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake, na ukiwa chini ya hapo ni bora. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 za maji. Madumu mawili ni kilo 40, na hapo mmefika. Madumu manne, ambayo ndiyo tunayoyaona kila siku barabarani, ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wa mnyama. Kwa hesabu hiyo hiyo mtu mzima hapaswi kumpanda punda wetu. Mtoto mwepesi anaweza kwa mwendo mfupi, punda akishakomaa. Binti hutembea kwa miguu kando ya punda wake, begani, na anapoulizwa kwa nini hapandi hutaja uzito wake bila aibu.

Tandiko lisilale juu ya uti wa mgongo. Liwe na mito miwili, mmoja kila upande, na mfereji katikati mahali mifupa ilipo. Yeye ameshona yake kwa gunia na kujaza majani makavu, na hulianika kila jioni. Kamba ya nailoni hukata ngozi kama msumeno. Ikibidi kutumika, ivishwe kitambaa cha pamba. Ukienda kwenye mkokoteni hesabu inabadilika, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayobeba, na punda wawili kwenye barabara ya tambarare huvuta mzigo mkubwa kuliko wangebeba. Ila mzigo upangwe juu ya ekseli. Ukiweza kuinua mti wa mkokoteni uliopakiwa kwa mkono mmoja, umepanga vizuri.

Na nira ya ng'ombe isivishwe punda. Ng'ombe wetu ana nundu, nira inakaa mbele yake na kusukumwa. Punda hana nundu. Nira humkaa juu ya mifupa ya shingo na kuisaga. Punda huvuta kwa kifua, kwa mkanda mpana uliolazwa chini ya shingo mahali ambapo hauzibi koo. Sheria ya kale katika Kumbukumbu la Torati 22:10 inakataza kulima kwa ng'ombe na punda pamoja. Tumesikia mahubiri mengi mazuri juu ya aya hiyo kuhusu ndoa. Mafundi wa plau wanaielewa kama ilivyoandikwa: wanyama hao hawana kimo kimoja, hawana hatua moja, na hawavuti kwa sehemu moja ya mwili.

TUNALOOMBA

Kamati ya usharika ule ilitulalamikia mwezi wa sita. Mwenyekiti aliandika kwamba mradi umelala na kwamba vikundi vinavyosubiri vinanung'unika. Hatukuwa na jibu la haraka, kwa maana alisema kweli: punda mkubwa peke yake alikuwa akileta maji ya nyumba mbili na kubeba mzigo wa malipo siku mbili kwa wiki, na fedha hiyo ilitosha pumba na dawa ya minyoo tu. Lakini leo punda wale wawili wanafanya kazi, hawana kidonda hata kimoja, na marejesho yameanza. Wale waliotolewa wadogo na haraka katika awamu ya kwanza, wengi hawapo.

Kwa hiyo tumebadilisha masharti. Marejesho yataanza baada ya mwaka mmoja. Punda watatolewa wawili wawili, mmoja akiwa amezoea kazi. Tandiko, mikanda ya kifuani na gharama za mtaalamu wa mifugo kwa mwaka wa kwanza vimeingia kwenye bajeti kama sehemu ya punda, si nyongeza. Matokeo yake, wafadhili wetu wapendwa, ni kwamba kwa fedha ile ile taarifa yetu ijayo itaonyesha punda wachache na gharama kubwa zaidi kwa kila kaya. Tunajua jedwali la namna hiyo halipendezi kusomwa kwenye mkutano. Tunaomba mlipokee hivyo hivyo, na mtuulize mwaka wa tatu ni wangapi walio hai.

Kwa kamati za sharika, kabla ya kwenda mnadani chagueni watu wawili waje ofisini tuwaonyeshe kusoma meno. Meno mawili ya mbele ya katikati hubadilika punda akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata akiwa na mitatu na nusu, ya pembeni akiwa na minne na nusu. Punda mwenye meno yote ya mbele ya utotoni hajafikia umri wa mzigo, muuzaji aape atakavyoapa. Punda wa namna hiyo mnaweza kumnunua, kwa sharti kwamba kuna mwenzake mkubwa na kuna mtu mwenye mwaka mzima wa kumpa.

Fomu mpya za maombi zinapatikana kwa wakuu wa majimbo. Zina sehemu ya jina la kijana atakayetunza, na chini yake sehemu ya jina la mtu wa pili wa nyumba hiyo atakayeingia zizini alfajiri siku kijana huyo anapougua au kusafiri. Fomu ambayo sehemu hiyo ya pili iko wazi tutairudisha.